Nani Anapanga Sauti? Kutoka Uwanja wa Razha hadi Meza ya Mikisa

Huko Oman, anayetoka Nizwa kuelekea Bahla huiacha Tanuf upande wa kulia, chini ya ukuta wa Jebel Akhdar. Siku hizi wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya chupa za maji ya kunywa. Anayesimama kidogo ataona magofu ya udongo ya mji mkongwe, falaj, yaani mfereji wa maji, iliyopitishwa kandokando ya mwamba, na mdomo wa bonde linaloingia mlimani. Mji ule ulikuwa makao ya Sheikh Suleiman bin Himyar, mkuu wa Bani Riyam, kabila ambalo Unguja na Pemba wanalijua kwa watu wake, Wariyami. Ulibomolewa kwa mabomu ya ndege za Uingereza katika vita vya Jebel Akhdar, vilivyomalizika Januari 1959. Historia ya meza ya kuchanganyia sauti, ile ambayo mafundi wetu huiita mikisa, kwa kawaida haianzii mahali kama hapa. Huanzia Chicago kwa Bill Putnam, au New York kwa Tom Dowd, au katika studio za BBC London. Mimi naona inafaa kuianzia Tanuf, kwa kuwa jamii za Dakhiliya, mkoa huu wa ndani ya Oman, zilikuwa na utaratibu kamili wa kupanga sauti nyingi zikasikika kama kitu kimoja bila hata waya mmoja. Mikisa ilipofika iliikuta kazi hiyo inafanyika zamani. Ilichofanya ni kuitoa mikononi mwa watu wengi na kuiweka mbele ya mtu mmoja aliyeketi nje ya uwanja, na kila kitufe kilicho juu yake kinaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kilichukua kazi ya nani.

Chukua razha, sanaa ya wanaume ambayo Nizwa, Bahla, Izki na vijiji vya chini ya mlima vimeicheza kizazi baada ya kizazi: kuitana vitani, kutangaza ushindi, kupokea mgeni mkubwa, na leo kusherehekea Idi na arusi. Safu mbili husimama zikitazamana, watu wameshika panga na bunduki. Mshairi hutoa ubeti, safu moja huupokea, ya pili huujibu. Wapigaji ngoma hutembea katikati, mmoja na rahmani, ngoma kubwa yenye sauti nzito, mwingine na kasir, ndogo na kali. Katika nchi ya Kiibadhi, ambako wanazuoni wengi hawakuzikunjulia uso ala za burudani, huo ndio ulikuwa muziki wa hadhara: koo za watu na ngozi za wanyama. Sasa hesabu maamuzi ya sauti yanayopita hapo bila mtu kuyatangaza. Ngozi iliyolegea hupashwa moto hadi mlio wake upande. Mpigaji anayetaka ubeti mpya usikike husogea mbali na mshairi, au hulegeza mkono. Wasioshika maneno hupunguza sauti wenyewe mpaka wayashike, na wenye koo kubwa huwabeba. Upana wa uwanja huamua jibu la safu ya pili litasikika limesimama kiasi gani mbali na swali la kwanza. Hakuna msimamizi wa sauti, lakini sauti inasimamiwa. Katika al-azi, sanaa ndugu ya razha iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2012, jambo hili ni wazi zaidi: mshairi hutangulia peke yake, na kundi lina mahali maalumu pa kuitikia, likikosea mahali hapo shairi zima linapwaya.

Mashine ya kwanza ya kunasa sauti haikuuvunja utaratibu huu. Kurekodi kwa umeme kulianza kutumika kibiashara mwaka 1925, na miaka mitatu baadaye, 1928, mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya HMV. Studio za wakati ule zilitegemea kipaza sauti kimoja, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa na uwezo mdogo: kuongeza au kupunguza kila kitu kwa pamoja. Uwiano wa sauti ya mwimbaji, udi, fidla na dumbaki ulipangwa kwa hatua sakafuni. Mwenye ala kubwa alirudishwa nyuma, mwimbaji akasogezwa mbele, na dakika tatu za upande mmoja wa santuri zikapigwa mfululizo bila kukatika. Redio zilipoanza kwetu, Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zote mwaka 1951, vipaza sauti viliongezeka kidogo, ila bendi na vikundi vya taarab viliendelea kupiga wimbo mzima kwa pamoja. Uwiano ulikuwa wa makubaliano. Fundi mitambo angeweza kumwambia mpiga tarumbeta arudi nyuma, naye mpiga tarumbeta alikuwa na nafasi ya kubisha.

Dakhiliya haikupata hata redio ya namna hiyo. Kabla ya 1970 Oman haikuwa na kituo chake cha redio. Watu wa mlimani walisikia redio kabla redio haijawasikia wao: Sauti ya Waarabu ya Cairo, iliyoanza Julai 1953, ilikuwa upande wa Imamu Ghalib bin Ali katika ugomvi wake na Sultan Said bin Taimur, na Cairo hiyohiyo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikasikilizwa Unguja na Mombasa. Mtu wa Tanuf na jamaa yake wa Unguja waliweza kuambiwa habari na mji mmoja, kila mmoja kwa lugha yake. Hapo tunaona mapema jambo ambalo mikisa baadaye italiweka ndani ya chumba: sauti inayofika mbali ni ile iliyochaguliwa na mtu mwingine, mahali pengine. Sultan Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970, na siku saba baadaye Redio Oman ikawa hewani kutoka Muscat. Televisheni ilifuata Novemba 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikaanzishwa Kituo cha Oman cha Muziki wa Jadi, ambacho watu wake walizunguka majimbo yote na kunasa zaidi ya aina 100 za sanaa, razha ikiwemo. Basi ngoma iliyokuwa inajipanga yenyewe ikajikuta mbele ya nyaya.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mahali. Redio ya wakati huo ilisikika kwa spika moja. Safu mbili zilizotengwa na uwanja mzima ziliingia katika tundu moja la kisanduku, na majibizano yaliyokuwa ya hapa na pale yakabaki ya sasa na baadaye. Hilo pekee lingetosha kuonyesha kwa nini mikisa ina kitufe cha kupeleka sauti kushoto au kulia, kitufe ambacho historia yake huanza katika sinema: wahandisi wa Walt Disney walikitumia kwa ajili ya filamu ya Fantasia mwaka 1940, ili muziki uonekane unatembea ukumbini. Wao walihitaji mashine ili kuiga mwendo. Mpiga rahmani alikuwa na miguu.

Kwa mtu aliyelelewa kwenye falaj, mikisa yenyewe si kitu cha kutisha. Kila chaneli ni mfereji wake, wenye chanzo chake juu na mlango wake chini, na yote huishia kwenye mfereji mkuu unaokwenda kwenye spika. Kanuni ya falaj ni mpangilio: maji hupita kwanza mahali pa kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuogea, ndipo yafike mashambani, ambako hugawanywa kwa zamu, fungu moja, athar, likiwa takriban nusu saa. Huko Birkat al-Mawz, ambako pia ni nchi ya Bani Riyam, Falaj al-Khatmeen hugawa maji yake katika mifereji mitatu iliyo sawa, nayo ni mojawapo ya aflaj (wingi wa falaj) tano zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Anayejua nani anateka juu na nani anateka chini amekwisha kujua sehemu kubwa ya mikisa. Mafundi wengi wachanga hupotea kwa sababu wanaitazama kama uwanja wa vitufe mia moja, ilhali ni mfereji mmoja uliorudiwa mara nyingi.

Juu kabisa ni viingilio. Kuna tundu la pini tatu kwa kipaza sauti, na tundu la jeki kwa vitu kama kinanda au redio. Havilingani kwa nguvu hata kidogo: kipaza sauti hutoa umeme wa sehemu chache tu za elfu ya volti, wakati kifaa cha studio hutoa zaidi ya volti moja, kipimo cha kawaida kikiwa takriban 1.23. Ndiyo maana anayechomeka kinanda kwenye tundu la kipaza sauti hupata mngurumo uliopasuka. Pini tatu zina maana yake: waya mbili hubeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha nyingine, na ya tatu ni ngao. Kelele inayodakwa njiani huingia sawasawa katika zote mbili; mikisa inapoigeuza mojawapo na kuzijumlisha, kelele hufutana na sauti hubaki. Kitufe cha volti 48 hupeleka umeme kwenye vipaza sauti vya kondensa, vilivyo vyepesi kuhisi na visivyofanya kazi bila chakula hicho. Kisha huja geini, kitufe muhimu kuliko vyote na kinachodharauliwa kuliko vyote. Geini huamua kiasi cha sauti kinachoruhusiwa kuingia. Ikizidi, sauti hupasuka hapohapo mlangoni, na hakuna kinachofanywa huko chini kitakachoiponya. Ikipungua, fundi atalazimika kuinua baadaye sauti pamoja na uchafu wake. Hii ndiyo kazi iliyokuwa ya umbali kati ya mdomo na kipaza sauti kule Bombay, na kabla yake, ya umbali kati ya mpiga kasir na mshairi. Mwimbaji wa zamani alijua kurudisha kichwa nyuma anapopanda juu. Leo wengi hukimeza kipaza sauti na kumwachia fundi shida.

Chini ya geini ni ekwalaiza, ya kuongeza au kupunguza besi, sauti za kati na ukali, ambayo ni moto uleule wa kupashia ngozi, isipokuwa sasa unawashwa na mtu asiyeishika ngoma. Hapa ndipo hatari inapoonekana kwa macho. Mikisa nyingi zina kitufe kidogo cha kukata kila kilicho chini ya hezi 80 hivi. Kimewekwa kwa ajili ya mhutubu, ili pumzi zake na vishindo vya jukwaa visisikike, na kwa mhutubu ni baraka. Kibonyezwe kwenye chaneli ya rahmani, au ya msondo katika lewa, ngoma ya Sur na pwani ya Batina ambayo hadi leo ina maneno ya Kiswahili ndani yake, na uzito uliokuwa unawapa watu mwendo wa miguu unakatwa. Fundi hajafanya kosa lolote la kitabuni. Amefuata desturi ya mashine iliyotengenezwa na watu waliokuwa wakifikiria hotuba na gitaa.

Kisha njia za pembeni, ambazo mafundi huziita oksi: hizi huteka sauti kutoka kwenye chaneli na kuipeleka kwingine, kwa mfano kwenye monita inayomtazama mwimbaji, au kwenye kifaa cha mwangwi. Swali la kuuliza ni kama zinateka juu ya mlango wa chaneli au chini yake. Zikiteka juu, fundi anaweza kupunguza sauti kwa hadhira na mwimbaji bado akajisikia; zikiteka chini, mlango ukifungwa na huko kunakauka. Monita huwa juu, mwangwi huwa chini. Mlango wenyewe ni fida. Tom Dowd wa studio ya Atlantic anatajwa miongoni mwa walioondoa vitufe vya kuzungusha na kuweka vya kuteleza, mwishoni mwa miaka ya 1950, ili vidole kumi viweze kucheza chaneli nyingi kwa wakati mmoja. Kule BBC kwa miaka mingi fida zilifanya kazi kinyumenyume, kuzivuta kwako ndiko kuzifungua, jambo ambalo limewatesa wageni wengi na ambalo wenyeji wake walilitetea kwa ukaidi wa kupendeza. Fida ndiyo hatua mbele na hatua nyuma. Lakini tazama tofauti. Katika razha anayepiga hatua nyuma anajua amerudi nyuma, na wenzake wanamwona. Anayeshushwa kwa fida huendelea kupiga kwa nguvu zote huku hadhira haimsikii, naye hana habari.

Hapo ndipo hoja yangu inakutana na wapinzani. Wa kwanza atasema nimeipunja mashine: kuna mambo ambayo hakuna mwili uliowahi kuyafanya. Ni kweli, na kubwa kuliko yote ni kuahirisha. Tepu ya njia nane aliyokuwa nayo Dowd, na zote zilizofuata, ziliruhusu kila sauti ikae peke yake na uwiano uamuliwe kesho, au mwaka ujao, wenye sauti wakiwa hawapo. Hakuna uwanja wa Dakhiliya uliowahi kuwa na uwezo huo. Ila nikitazama vizuri, uwezo huu mpya unaizidishia nguvu hoja yangu: kadiri uamuzi unavyosogezwa mbali na saa ya kupiga, ndivyo unavyosogea mbali na wapigaji. Kipaza sauti kimoja kiliwalazimisha watu kukubaliana kabla ya kuanza. Chaneli 24 haziwalazimishi kukubaliana kamwe.

Mpinzani wa pili ana neno zito zaidi. Atasema uwanja haukuwa wa haki kama ninavyouchora. Katika razha mwenye koo kubwa, mwenye cheo, mtoto wa sheikh, ndiye aliyesikika; mwenye sauti nyembamba alizama, na wanawake hawakuwa ndani ya safu hata kidogo. Fida ndiyo iliyompa mnyonge nafasi. Nakubali karibu yote. Bila kipaza sauti, mwimbaji wa taarab asingeweza kukaa mbele ya kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905 na ambacho baadaye kilijaza jukwaa kwa fidla, udi, kanuni, akodiani na dumbaki, akaimba kwa sauti ya kunong'ona na neno lake likafika kiti cha nyuma. Siti mwenyewe aliingia majumba ambayo miguu yake isingeruhusiwa, kwa njia ya santuri. Lakini kukubali kwamba utaratibu wa zamani uliwapendelea wakubwa si sawa na kusema wa sasa haumpendelei mtu. Unampendelea anayeketi kwenye meza na anayemlipa. Tofauti ni kwamba upendeleo wa uwanjani ulionekana na kulalamikiwa papo hapo, kwa shairi la kejeli ikibidi, maana razha ni mashindano ya ushairi. Upendeleo wa fida hauna pa kujibiwa.

Wa tatu, fundi mwenyewe, atasema anachofanya ni kutii masikio ya hadhira. Nina heshima kubwa kwa kazi yake, hasa kwa wale wanaofanya maonyesho ya wazi kama tamasha la Sauti za Busara katika Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tangu 2004 jukwaa moja limepokea kidumbaki, bendi za umeme na ngoma za vijijini usiku mmoja, na kati ya kundi na kundi kuna dakika chache tu za kubadilisha nyaya. Lakini masikio ya hadhira yana historia. Taarab ya kisasa ilipoenea miaka ya 1990 kwa vinanda vya umeme na gitaa la besi, watu walizoea besi ya kifuani na ukali wa juu, sauti za kati zikaachwa ziende. Fundi anayeweka razha katika umbo hilo hawatii wasikilizaji wa razha. Anawatii wasikilizaji wa muziki mwingine. Huko Muscat, ambako waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 walileta mapenzi yao ya taarab, na ambako vijana wa Nizwa na Tanuf huenda kufanya kazi, arusi moja inaweza kuwa na razha alasiri na kinanda usiku, mikisa ikiwa ileile na vitufe havikuguswa katikati.

Mikisa za kidijitali zimeongeza jambo dogo lenye uzito: huhifadhi mpangilio mzima, ukaitwa tena kwa kubonyeza mara moja. Mpangilio uliohifadhiwa kwa ajili ya bendi moja ya hoteli unaweza kuwa ndio unaoikaribisha al-azi wiki inayofuata. Kwa hiyo nisingeshauri wanaonasa sanaa za Dakhiliya waanze kwa kumfungia kila mtu kipaza sauti chake, kama ilivyo mtindo sasa. Viwili vianze, vikiwekwa katikati ya safu, pale anaposimama mshairi, vikinasa mpangilio ambao wenyewe wameufanya kwa miguu na koo zao. Vingine viwe vya akiba, geini zake zikipimwa wakati ngoma imepamba moto, maana mpiga kasir wa dakika ya kwanza si yule wa dakika ya ishirini. Kitufe cha hezi 80 kiachwe. Na siku ya kuchanganya, mpiga rahmani na mshairi waitwe chumbani, wakae karibu na fundi, kila mmoja akiwa na haki ya kunyoosha mkono wake hadi kwenye fida. Na majina yao yaandikwe pamoja na jina la fundi kama watu waliochanganya rekodi hiyo.